Nyumba ya mkulima Uingereza, watu na ng'ombe mlango mmoja kama tembe letu, imesimamaje miaka yote hiyo?

Mjukuu wa Chilonwa

Mbukwenyi wakuu. Naomba wenye uelewa wa majengo ya zamani wanisaidie, hili jambo limenikaa kichwani na nyumbani kuna maamuzi yanasubiri.

Kuna nyumba ya mkulima Uingereza inaitwa Higher Uppacott, iko Dartmoor, huko Devon. Nimeangalia picha zake mpaka usiku wa manane. Ni nyumba ndefu, kuta za mawe mazito, paa la nyasi, ukishaingia mlangoni watu wanakwenda upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, wote paa moja. Na lile zizi la ndani bado lipo kama lilivyojengwa enzi hizo, halijabadilishwa. Iko daraja la kwanza kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, yaani daraja lilelile la Buckingham Palace, ikulu ya mfalme. Nyumba ya mfugaji wakuu!

Sasa mimi kwetu Chilonwa, Chamwino. Babu alikuwa na tembe, lile la kuzunguka ua, ng'ombe wanalala katikati na ndama wanaingizwa ndani kabisa, paa bapa, boriti, juu yake fito, juu yake nyasi halafu udongo, na bibi alikuwa anaanika uwele na karanga hukohuko juu. Leo limebaki ubavu mmoja. Nguzo za panda za huo ubavu bado ngumu, zimekuwa nyeusi tii kwa moshi na usawa wa kiuno zimelainika kabisa kwa kushikwashikwa na watu miaka yote. Baba zangu wadogo wanataka livunjwe baada ya mavuno wajenge ya tofali na bati, na siwalaumu, kila mtu anataka nyumba nzuri.

Ninachotaka kujua, hizi nyumba za wakulima wa Uingereza zilijengwaje mpaka zikafika leo, na huko kulindwa maana yake nini hasa, mwenye nyumba anaruhusiwa hata kuingiza umeme? Na hapa kwetu kuna sheria yoyote inayoweza kuligusa tembe kama hili? Msinicheke, nauliza kwa moyo mmoja.

Plymouth_TZ

Kaka nani akucheke, umegusa kitu ninachokipenda sana. Mimi nyumbani Dodoma mjini ila naishi huku Devon, na hizo nyumba ndefu za Dartmoor nimeingia kadhaa. Ngoja nikuelezee jinsi zilivyo ndani maana picha hazionyeshi vizuri.

Nyumba inalala kufuata mteremko wa kilima, kichwa juu, mkia chini. Katikati kuna ujia unaokata nyumba toka mbele mpaka nyuma, mlango huku na mlango kule vinatazamana, na zamani ng'ombe na watu walikuwa wanaingilia hapohapo. Ukigeuka upande wa chini ndo zizi, ng'ombe wanafungwa wamejipanga kwenye kuta mbili, katikati ya sakafu unapita mfereji uliojengwa kwa mawe unateremka moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho na unatokea nje kwenye tundu, mkojo na maji machafu yote yanashuka huko, hayawezi kupanda kwa watu kwa sababu ya ule mteremko. Madirisha ya zizi ni vijitundu vyembamba tu vya kupitisha hewa. Upande wa juu ndo ukumbi wa familia wenye moto, na nyuma ya ukumbi kuna chumba kimoja cha ndani cha kuwekea vitu au kulala. Basi. Dartmoor ni baridi na mvua haikatiki, ng'ombe akiwa ndani wakati wa baridi anapona na unamlisha bila kutoka nje.

Sasa sikiliza hii ya moshi maana umetaja nguzo nyeusi. Mwanzoni hizi nyumba hazikuwa na bomba la moshi kabisa, moto unawaka katikati ya sakafu ya ukumbi, ukumbi wenyewe uko wazi mpaka kwenye paa, moshi unapanda unajitafutia njia kwenye nyasi. Kuanzia miaka ya 1500 kwenda 1600 na kitu ndo wakaanza kujenga bomba la mawe ndani ya ukumbi, moshi ukishapata njia yake wakaweza kuweka dari juu ya ukumbi na kupata vyumba vya ghorofani. Kwahiyo nyumba unayoiona leo sio ya siku moja, ni tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wakitaka kujua kama nyumba ni ya enzi za moto wa katikati wanapanda darini wanaangalia miti ya paa ina masizi au haina.

Na nyasi je! Huku Devon fundi akiezeka upya mara nyingi hatoi za zamani zote, anapunguza za juu zilizooza anaweka mpya juu ya ile safu ya chini. Kwahiyo kuna nyumba ambazo safu ya chini kabisa ni mabua yaleyale ya enzi za kati, meusi kwa masizi, mvua haijawahi kuyafikia. Watafiti wameyachambua wakakuta masuke na magugu ya mashamba ya miaka ile, aina za ngano ambazo leo hakuna mtu anayezilima huku. Mimi niliposikia hivyo nilisimama pale chini ya dari nikashindwa kuondoka.

fundi kenchi

Nyumba ndefu za mawe ni za upande huo wa magharibi mkuu, ukienda Kent, Sussex, Suffolk mkulima mwenye uwezo alikuwa anajenga kwa mbao za mwaloni na udongo, na hapo sisi watu wa mbao ndo tunavua kofia. Nimezifuatilia sana hizi kazi.

Fremu nzima inachongwa chini uwanjani kwanza, ulimi wa mti huu unaingia kwenye tundu la mti ule, halafu wanatoboa na kupigilia kigingi cha mwaloni, hakuna msumari kwenye maungio makubwa. Na mbao wanaitumia mbichi! Kwetu ukimletea mteja mbao mbichi ya kenchi anakufukuza, wao walitaka mbichi kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu sana kuchonga kwa mkono, halafu ukikaukia kwenye nyumba unajikunja na kuvuta maungio yanabana zaidi. Ndo maana hizo nyumba sakafu zimepinda na kuta zimeegama na bado zimesimama. Kila mti ulikuwa unakatwa alama kwa patasi, namba za Kirumi, ili siku ya kusimamisha mjue upi unaingia wapi. Alama bado zinaonekana mpaka leo.

Ukishasimamisha fremu, kuta zinajazwa fito zilizosukwa na udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, halafu juu wanapaka chokaa. Wakuu, hiyo ni mbavu za mbwa. Ni kitu kilekile walichojengea bibi zetu ila fremu yao ni ya mwaloni mnene na paa linatoka nje vya kutosha kukinga ukuta na mvua.

Mfano mzuri ni Bayleaf, nyumba ya mkulima iliyojengwa Kent mwanzoni mwa miaka ya 1400. Ukumbi katikati uko wazi mpaka juu, madirisha hayana kioo, ni nondo za mbao tu na vibao vya kufunga usiku, upande mmoja stoo za vinywaji na chakula, upande mwingine chumba cha mwenye mji na juu yake chumba cha kulala. Miaka ya 1960 eneo lile likatakiwa kujengwa bwawa la maji, Bough Beech. Wakaifungua kigingi kwa kigingi, wakaiandika namba, wakaipeleka Singleton huko Sussex kwenye makumbusho ya majengo ya vijijini, wakaisimamisha tena. Jengo la zege huwezi kulifanyia hivyo.

Kitu kimoja nisisitize kwa mwenye mada. Adui mkubwa wa hizi nyumba za udongo kule, baada ya maji, ni lipu ya sementi. Miaka ya 1900 watu walizipiga sementi wakidhani wanaziimarisha. Udongo unavuta unyevu na unautoa, chokaa inauruhusu kutoka, sementi inauziba, unabaki ndani na mti unaoza polepole huku nje ukuta unaonekana mzuri, mpaka siku unabomoka. Hapa Dodoma nimeliona hilohilo, nyumba ya udongo imepigwa lipu ya sementi, misimu michache tu lipu imeachia imesimama peke yake, nyuma yake udongo umekuwa unga na mchwa wamejaa. Kwahiyo wakisema mnalikarabati tembe, sementi ikae mbali na huo ukuta.

Nzuguni B

Kwa heshima zote, mimi nimelala kwenye tembe mpaka nimemaliza la saba na sitaki mwanangu alale humo. Papasi. Mmesahau papasi? Wanakaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta wa udongo, usiku wanatoka wanauma, mtu anapata homa inapoa inarudi, inapoa inarudi, watoto na wajawazito walikuwa wanakufa nayo. Moshi uliwaharibu macho mama zetu. Mvua ikizidi udongo wa paa unalowa unakuwa mzito, boriti ikiwa imeliwa na mchwa linashuka lote usiku. Anayetaka kulinda tembe aje alale humo masika moja halafu tuongee. Uingereza wana hela ya kutunza, sisi tunataka bati.

Mama wa Kikuyu

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima nimezaliwa kwenye tembe upande wa Mpwapwa na nimeona yakiisha.

Anayosema huyu wa Nzuguni ni kweli tupu, papasi walikuwepo na dada yangu alizikwa kwa homa hiyo. Lakini tembe halikuwa jengo la kujenga na kuacha. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba wanaume wanapanda juu wanaongeza udongo, wanaangalia boriti ipi imeanza kulia inabadilishwa, sisi wanawake tunakandika kuta na kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Moto ulikuwa hauzimwi, na ule moshi mdudu hapendi, ndo maana hizo nguzo za babu yako ni ngumu mpaka leo.

Kilichoyamaliza ni kuhama. Mwaka 1970 na 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakatolewa kwenye miji yao iliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Tembe likiachwa bila mtu, bila moto, bila udongo mpya, masika mbili tatu limeshalala chini. Huko kijijini viwanja vilipimwa vidogo, ng'ombe wakatengwa na nyumba, kwahiyo hata aliyetaka kujenga tembe la kuzunguka ua hakuwa na nafasi. Hao Wazungu nyumba zao zingeachwa hivyo zingeanguka vilevile.

Plymouth_TZ

Shikamoo mama. Umesema jambo zito, na pole sana kwa dada.

Naongezea kwa ndugu wa Nzuguni. Hata hawa wa huku hawakukaa na moshi machoni, waliweka mabomba. Waliweka vioo. Wakawatoa ng'ombe ndani, zizi likageuzwa jiko au stoo, na ndo maana Higher Uppacott ni ya thamani hivyo, kwa sababu zizi lake ni kati ya machache sana ambayo hayajageuzwa. Mamlaka ya hifadhi ya Dartmoor iliinunua mwaka 1979. Na tusiseme nyumba ya udongo ni ya maskini tu. Walter Raleigh, yule baharia wa enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, alizaliwa huku Devon kwenye nyumba ya mkulima inaitwa Hayes Barton, kuta za udongo uliokanyagwa na majani ya ngano, paa la nyasi, nayo iko daraja la kwanza. Hizo kuta za udongo za huku zinawekwa juu ya msingi wa mawe ili maji ya chini yasipande, halafu paa linatokeza nje sana. Chini kukavu na juu kukavu, ukuta unakaa karne na karne.

mchora ramani

Nijibu la sheria maana ndo halijajibiwa. Nafanya kazi ya uchoraji hapa Dodoma.

Uingereza orodha ilianza kutengenezwa miaka ya 1940, mabomu ya vita yalikuwa yameangusha mengi wakaona bila orodha watapoteza na yaliyobaki. Leo kwa upande wa England peke yake ni karibu laki 4, madaraja matatu, la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili la kawaida ambalo ndo lina zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote. Nyumba nyingi za wakulima ziko hilo la chini. Jengo la kabla ya 1700 ambalo bado lina sehemu kubwa ya mwili wake wa asili karibu lote linaingia, na mengi ya mpaka 1850.

Likishaingia linalindwa lote, nje na ndani. Ngazi, mlango, dari, bomba la moshi alilochomeka mtu miaka ya 1600, mpaka mabanda yaliyokuwepo kwenye eneo lake kabla ya Julai 1948. Watu wanadhani wanalinda nyumba ya mwanzo tu, hapana, na mabadiliko ya zamani ni sehemu ya historia yake. Umeme unaweka, bafu unaweka, ila kitu kinachogusa uhalisia wa jengo unaomba kibali halmashauri kwanza na watataka michoro na sababu. Ukivunja au kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai, mpaka jela miaka 2 au faini isiyo na kikomo. Na wenye nyumba wanalalamika kweli, kwa mfano ukijenga nyumba mpya kabisa hulipi VAT lakini ukikarabati ya zamani unalipa asilimia 20, jambo ambalo mimi naona ni kinyume kabisa cha wanachotaka.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na ya baada ya hapo waziri anaweza kuyatangaza kwenye gazeti la serikali. Sasa piga hesabu, tembe la miti na udongo la kabla ya 1863 utalipata wapi? Halipo. Kwahiyo nyumba ya kawaida ya Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, haina daraja la kuingia, na hilo linaniuma. Kwihara kule Tabora lipo tembe, ila limehifadhiwa kwa ajili ya Livingstone na Stanley waliokaa hapo mwaka 1872, na Kijiji cha Makumbusho Dar kimejengewa nyumba za makabila ili watu waone. Tembe la babu yako bado liko pale alipolijenga mwenyewe, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwahiyo hakuna sheria itakayowazuia baba zako wadogo. Ni nyinyi wenyewe. Ushauri wangu ni huu, nyumba mpya ijengwe, watu walale pazuri pasipo na papasi, ila ichorwe pembeni. Ubavu uliobaki muuache ndani ya ua uleule, utumike kama ghala au jiko, kwa sababu jengo lisilotumika linakufa.

fundi kenchi

Naunga mkono. Na kwa paa, msibebeshe bati juu ya kuta za zamani. Simamisheni nguzo mpya nje ya ukuta, zibebe paa la bati lenyewe, litokeze nje mita moja hivi pande zote, paa la udongo libaki chini yake kavu. Mchwa mtawaona mapema kwa sababu njia zao zitaonekana kwenye ukuta mkavu. Siku ikipatikana hela mnaweza kuezeka vingine, bati linafunguliwa na hamjagusa kitu.

Nzuguni B

Hiyo ya kujenga mpya pembeni na kuliacha lile liwe ghala naikubali. Sakafu ichimbwe lakini, itolewe udongo wote wa juu uchomwe na jua, uwekwe mpya ushindiliwe, na nyufa za ukuta zizibwe zote. Papasi anaishi kwenye ufa.

Mjukuu wa Chilonwa

Asanteni sana wote, shikamoo mama wa Kikuyu. Nimempigia baba mdogo mkubwa nikamsomea mpaka hiyo ya ng'ombe wa Dartmoor na mfereji wao, akanyamaza kidogo halafu akaanza kunitajia miti, hii nguzo ilitoka mlima gani, boriti ile nani aliibeba. Alikuwa anajua yote na sikuwahi kumuuliza. Amekubali nyumba mpya isogezwe upande wa barabarani. Mchora ramani, nikienda mwisho wa mwezi nianze kupima wapi?

mchora ramani

Anza ndani, kona mpaka kona, na kila chumba upime mshazari pia maana hakuna pembe iliyonyooka humo. Unene wa ukuta upime mlangoni. Halafu kila nguzo na kila boriti uipe namba kwa chaki na uipige picha na futi kamba ikiwa imeshikwa pembeni yake, na andika mti gani na ulitoka wapi kama baba mdogo anavyokutajia, mrekodi kwenye simu kabisa. Paa piga kwa chini, ukiwa na tochi, usipande juu mpaka fundi kenchi aangalie boriti. Ukimaliza nitumie nikuchoree bure.

fundi kenchi

Nipo, kabla ya Novemba tu tafadhali, mvua zikianza hakuna kazi ya paa.